Kuitambua Stesheni ya Zamani na Injini Zilizopita Hapo

Somo kwa wazee, walimu na wasomaji wote wakaao karibu na njia ya reli

Yafaa kila mtu akaaye karibu na njia ya reli ajue ni nani aliyeijenga, kwa sababu gani, na injini za namna gani zilizopita juu yake. Hapa Mlowo, katika Wilaya ya Mbozi, stesheni ipo karibu nasi, na mlio wa gari twausikia tukiwa shambani kwenye mikahawa. Lakini mtoto wa shule akiuliza, "Stesheni hii ni ya nani?" aweza kupata majibu matatu kwa siku moja. Mmoja atamwambia ni ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Wa pili atasema ni ya Waingereza, kwa kuwa kila kitu cha zamani hudhaniwa kuwa chao. Wa tatu atasema ni ya Wachina. Majibu haya matatu hayawezi kuwa ya kweli yote, wala si vema mtoto aondoke na lile alilolisikia mwisho.

Basi katika somo hili twataka kuwaonyesha wasomaji namna ya kupata jibu bila kubahatisha. Wako mashahidi waliokaa pale pale penye reli, nao ni chuma, mawe, saruji na herufi. Ajuaye kuwauliza atajua habari za stesheni yo yote, iwe Mlowo, Moshi, Tabora, Mwanza au Voi.

Tena jambo hili lina haraka. Mwezi wa Septemba 2025 mkataba ulitiwa sahihi wa kuifanyia reli ya TAZARA matengenezo makubwa pamoja na kampuni ya Kichina. Matengenezo ni jambo jema, nasi twayatamani. Lakini palipo na matengenezo vitu vya zamani huondolewa, na kisichojulikana thamani yake huondolewa kwanza.

1. Reli zilizojengwa katika nchi yetu, na wakati wake

Kabla ya kuwauliza mashahidi, yatupasa kujua kwa ufupi mpango wa mambo yalivyokuwa.

Wadachi walianza Tanga mwaka 1893. Reli yao ya Usambara ilifika Muheza mwaka 1896, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Reli yao ya pili, Reli ya Kati, ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Katika vita hiyo, mwaka 1916, Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma waliyavunja madaraja na kuziharibu injini zao, ili adui asizitumie.

Waingereza hawakuanza kwa kujenga. Walirithi reli za Wadachi, wakazitengeneza, kisha wakaongeza matawi. Wakati wa vita walitoa njia kutoka Voi katika Kenya, ikapita Taveta, ikaungana na reli ya Usambara huko Kahe mwaka 1916. Kisha walijenga kutoka Tabora mpaka Mwanza, kazi iliyokwisha mwaka 1928, na kutoka Moshi mpaka Arusha, iliyokwisha mwaka 1929. Baada ya Vita Kuu ya pili walijenga kutoka Kaliua mpaka Mpanda kwa ajili ya madini, na katika nchi ya kusini wakajenga njia ya Nachingwea na Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga. Karanga hazikuleta faida iliyotazamiwa, na njia ile ya kusini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli zake zikang'olewa.

Sasa msomaji na aitazame ramani. Katika njia hizi zote hakuna hata moja iliyofika Mbeya, wala Mbozi, wala Tunduma. Nchi yetu hii ya juu ilikaa bila reli wakati wote wa Wadachi na wakati wote wa Waingereza. Si kwamba haikufikiriwa. Njia ya kuunganisha Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini ilichunguzwa zaidi ya mara moja, na wachunguzi waliandika ya kuwa haitarudisha gharama zake. Hata baada ya uhuru, mwaka 1964, Benki ya Dunia ilitoa shauri la kutoijenga.

Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao wenyewe. Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ikabanwa. Marais Nyerere na Kaunda wakatafuta msaada, na tarehe 5 Septemba 1967 mapatano yalifanywa Beijing kati ya Tanzania, Zambia na China. Kazi ilizinduliwa mwezi wa Oktoba 1970. Mwezi wa Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma, maana yake ilikuwa imekwisha kupita Mlowo. Mwezi wa Juni 1975 ilifika Kapiri Mposhi, na mwezi wa Julai 1976 reli yote, kilometa 1,860, ilikabidhiwa kwa serikali mbili.

Hizi ndizo habari. Lakini mwanafunzi hodari hatosheki na kuambiwa. Atataka kuziona mwenyewe kwa macho. Kwa hiyo sasa twawaita mashahidi.

2. Shahidi wa kwanza: upana wa njia

Upana wa njia hupimwa kutoka upande wa ndani wa reli moja mpaka upande wa ndani wa reli ya pili. Katika Tanzania ziko namna tatu.

Ya kwanza ni meta moja kamili, yaani milimeta 1,000. Hii ndiyo ya reli kuu za Wadachi na za Waingereza katika nchi yetu, nayo ndiyo ya reli ya kale ya Kenya na Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 kwa kipimo kilichotumiwa sana Bara Hindi. Kwa kuwa Wadachi na Waingereza walichagua kipimo kimoja, reli ya Voi iliweza kuunganishwa na ya Usambara pale Kahe bila taabu ya upana.

Ya pili ni milimeta 1,067, yaani futi tatu na inchi sita. Hii ndiyo ya TAZARA, na ndiyo utakayoipata Mlowo. Ni meta moja na kama upana wa vidole vinne vya mkono.

Ya tatu ni milimeta 1,435, ya reli mpya ya umeme itokayo Dar es Salaam kupita Morogoro mpaka Dodoma, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2024.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Reli ya Mlowo ilijengwa na Wachina pamoja na wananchi wa Tanzania na Zambia, lakini kipimo chake ni cha Waingereza wa kusini. Reli iliyotoka Rasi ya Tumaini Jema ilikwenda kaskazini kwa kipimo cha milimeta 1,067. Mwaka 1905 ilivuka Mto Zambezi kwa daraja la Maporomoko ya Victoria, mwaka 1906 ilifika Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe, na mwaka 1909 ikafika mpaka wa Kongo. TAZARA ilikuwa na kazi ya kuungana na njia hiyo huko Kapiri Mposhi, ili behewa lenye shaba lisishushwe mzigo njiani. Kwa hiyo atakayesema ya kuwa Waingereza hawana sehemu yo yote katika stesheni ya Mlowo atakuwa amesahau upana wake.

Vidole vile vinne vina bei yake. Reli ya meta moja itokayo Kilosa ilifika Kidatu katika miaka ya 1960, na TAZARA nayo ikapita karibu na hapo. Injini ya njia moja haiwezi kukanyaga njia ya pili. Mwaka 1998 palifunguliwa mahali pa kuhamishia makasha ya mizigo kutoka behewa hili hadi lile. Kazi yote hiyo ni kwa sababu ya milimeta 67.

Twawaonya walimu: ni hatari, tena ni marufuku, kuwapeleka watoto juu ya reli bila ruhusa. Mwendeni kwanza mkuu wa stesheni, naye akikubali atawaonyesha mahali pasipopita gari.

3. Shahidi wa pili: mataruma na chapa za reli

Mataruma ni yale yaliyolazwa chini ya reli kuzishika zisiachane. Huko Ulaya mengi yalikuwa ya mbao. Wadachi katika nchi yetu walitumia zaidi ya chuma, kwa kuwa mchwa wetu wangeyala ya mbao. Taruma la chuma hufanana na sufuria ndefu iliyofunikwa kifudifudi. TAZARA ilitumia mataruma ya saruji, na kiwanda cha kuyafanyia kilikuwa Mang'ula. Basi mtu akiona taruma la saruji hapa kwetu, na akisimama Korogwe au Dodoma akaona la chuma limechakaa, ameona tofauti ya zaidi ya miaka sitini.

Reli yenyewe nayo husema. Kiwanda kinapofanya reli huacha chapa ubavuni mwake, katikati ya kichwa cha reli na kitako chake. Chapa hiyo hutaja kiwanda, na mara nyingi mwaka, pengine na uzito wa reli. Ukisugua kutu kwa kitambaa utaona herufi na tarakimu zimeinuka. Lakini uwe mwangalifu: chapa yaonyesha mwaka chuma kilipofanywa, wala haionyeshi mwaka kilipolazwa hapo. Reli za zamani huhamishwa kutoka njia kuu na kuwekwa katika njia za kando, na nyingine hutumika kama nguzo za ua au boriti za nyumba. Kwa hiyo shahidi huyu asikilizwe pamoja na wenzake, asihukumu peke yake.

4. Shahidi wa tatu: nyumba na maji

Nyumba za stesheni za Wadachi zilijengwa kwa kuta nene, na katika miji mikubwa zilikuwa nyumba za fahari. Nyumba kubwa ya stesheni ya Kigoma ingali imesimama, nayo yaonyesha jinsi walivyotazamia biashara ya ziwa. Waingereza, katika matawi waliyoyajenga baada ya vita, walikuwa wabanaji wa fedha zaidi. Stesheni zao ndogo ni chumba cha karani, baraza, paa la mabati, na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mstari. Stesheni za TAZARA ni za saruji, zilizojengwa kwa mfano mmoja katika muda wa miaka michache, hata aliyeiona moja aweza kuitambua nyingine.

Lakini shahidi mwenye nguvu kuliko kuta ni maji. Injini ya moshi hunywa maji mengi sana. Kwa hiyo katika njia ya injini za moshi, kila baada ya mwendo fulani, ilipasa pawe na mto au kisima, pampu, tangi juu ya mnara, na bomba kubwa lenye shingo ya kugeuka, lililosimama kando ya njia kama korongo. Tena palikuwa na shimo la kumwagia majivu, na mahali pa kuni, kwa kuwa injini nyingi za Tanganyika zilichoma kuni. Palipokuwa na mwisho wa njia palikuwa na meza ya kugeuzia injini, au reli tatu zilizopangwa kama pembetatu, ili injini iweze kugeuza uso wake.

Ukiyakuta mabaki hayo, hata kama ni msingi wa mawe uliofunikwa na majani, ujue injini za moshi zilisimama hapo. Miji mingine ya Reli ya Kati ilikua kwa sababu injini na watu wake walipumzika hapo. Mlowo huwezi kuyakuta. TAZARA ilianza kazi kwa injini za dizeli, ambazo hazihitaji kusimama kila mara kunywa maji. Tangi la maji katika stesheni yetu ni kwa ajili ya watu, na tangi peke yake halitoshi kuwa ushahidi wa injini za moshi.

5. Shahidi wa nne: herufi

Mashirika ya reli yaliandika herufi zao juu ya kila kitu: mabehewa, taa, kufuli, viti, saa za ukutani, hata vikombe vya chai. Mwenye kuzijua herufi hizo aweza kukisia umri wa kitu bila kuuliza mtu.

TR ni reli za Tanganyika wakati wa Waingereza, mpaka mwaka 1948.

KUR ni reli za Kenya na Uganda, mpaka mwaka huo huo wa 1948.

EAR&H ni shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoziunganisha nchi tatu kuanzia tarehe 1 Mei 1948. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, na herufi zikabaki EAR.

TRC ni shirika la reli la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1977 lile la Afrika Mashariki lilipovunjika.

TAZARA ni mamlaka ya reli ya Tanzania na Zambia, nayo haikuwa sehemu ya mashirika yale mengine.

Kwa mfano, mzee akikuonyesha taa ya mkono yenye herufi EAR&H katika nyumba moja ya Vwawa, usiseme upesi ya kuwa Waingereza walijenga reli Vwawa. Taa hiyo ina miaka kati ya 1948 na 1969, na wakati huo reli ilikuwa haijafika huku. Sema ya kuwa mzee huyu, au baba yake, huenda alifanya kazi Tabora au Dodoma au Nairobi, akarudi nayo nyumbani. Kisha mwulize. Hapo taa imekufungulia habari za maisha ya mtu, kuliko kukupa jibu la uwongo juu ya jengo.

6. Namna ya kuisoma injini

Injini ya moshi ni pipa kubwa la chuma, liitwalo boila, ambalo ndani yake maji huchemshwa kwa moto. Mvuke husukuma pistoni, pistoni husukuma mikono ya chuma, na mikono huzungusha magurudumu makubwa. Mafundi huzitaja injini kwa hesabu ya magurudumu: kwanza madogo ya mbele, kisha makubwa yanayoendeshwa na pistoni, kisha madogo ya nyuma. Injini ya 2-8-2 ina madogo 2 mbele, makubwa 8 katikati, na madogo 2 nyuma. Ukisimama upande mmoja utahesabu 1, 4 na 1, kwa hiyo lazima uzidishe kwa mbili.

Serikali ya Tanganyika ilitumia sana injini za 2-8-2. Kiwanda cha Vulcan Foundry cha Uingereza kilileta aina ya MK katika miaka ya 1920, na aina ya ML mwaka 1947. Reli za nchi tatu zilipounganishwa mwaka 1948, injini zote zilipewa namba mpya kwa utaratibu mmoja, na utaratibu huo wafaa ukaririwe: tarakimu mbili za kwanza ni aina, na mbili za mwisho ni hesabu ya injini katika aina hiyo. MK ikawa aina ya 25, na ML ikawa ya 26. Injini namba 5918 ni ya kumi na nane katika aina ya 59.

Katika miaka ya 1950 zililetwa aina mpya tatu, 29, 30 na 31, zilizopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Zile za 29 na 30 zilifanywa Glasgow na kampuni ya North British, na zile za 31 na Vulcan Foundry. Aina ya 30 ilikuwa na behewa kubwa zaidi la maji nyuma yake, ikafaa kwa njia kavu za katikati ya Tanganyika.

Kisha ziko zile kubwa ziitwazo Garratt, kwa jina la Mwingereza aliyeibuni. Watu waliozoea injini ya kawaida waliziona kama injini mbili zilizogeuziana migongo. Boila moja imetundikwa katikati, na kila upande una seti yake ya magurudumu na pistoni. Hesabu yake huandikwa 4-8-2+2-8-4. Faida yake ni mbili. Injini huweza kujipinda katika kona za milimani, na uzito wake hugawanywa juu ya magurudumu mengi, hata reli nyembamba zisivunjike. Kubwa kuliko zote zilikuwa aina ya 59, injini 34 zilizofanywa na Beyer Peacock wa Manchester, zikaletwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa kadiri ya tani 250, nazo zilivuta magari ya mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa majina ya milima, na moja katika hizo iliitwa Mount Rungwe. Basi mlima wa jirani zetu ulipanda kutoka Mombasa ukivuta mizigo, miaka kadiri ya kumi na minane kabla reli haijafika kwetu.

Anayetaka kuziona leo na aende Nairobi, katika nyumba ya makumbusho ya reli iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo zimehifadhiwa 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na pia injini ya aina ya 30 yenye jina la Nyaturu. Gelai ni mlima wa kaskazini karibu na Ziwa Natron, Shengena ni wa Upare, na Wanyaturu ni watu wa Singida. Majina yote matatu ni ya nchi yetu. Injini nyingine nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kwa uzito wa chuma, pamoja na majina yake.

7. Injini za Mlowo

Injini za kwanza za TAZARA zilitoka China. Herufi zake DFH ni kifupi cha maneno ya Kichina yenye maana ya "Mashariki ni Nyekundu". Zile za njia kuu zilikuwa na nguvu za farasi kadiri ya 2,000. Ndani yake injini ya dizeli haikuzungusha magurudumu moja kwa moja. Nguvu ilipitishwa kwa mafuta mazito yaliyosukumwa ndani ya chombo maalum. Lakini mlima kati ya Mlimba na Makambako ulizishinda. Hapo njia hupanda kwa mahandaki na madaraja mengi, na baadaye, karibu na Uyole, hufika kimo chake cha juu kuliko pote, kadiri ya meta 1,790 juu ya bahari.

Mwaka 1983 zikaletwa injini 14 zilizofanywa na Krupp wa Ujerumani ya Magharibi kwa mfano wa kampuni ya Kimarekani ya General Electric, zenye nguvu za farasi kadiri ya 3,000. Hizi zilikuwa za namna nyingine: dizeli huzungusha mtambo wa umeme, na umeme huendesha mota zilizofungwa penye magurudumu. Basi yule aliyesema ya kuwa stesheni yetu ina kitu cha Wadachi hakukosa kabisa. Ujerumani ilifika Mlowo mwaka 1983, kwa mkataba wa biashara.

8. Wajibu wetu

Msomaji aweza kusema, "Yote haya yatanisaidia nini?" Twamjibu kwa mambo mawili.

Kwanza, vyuma vya reli vina wanunuzi. Kibao cha shaba kilichokuwa ubavuni mwa injini, chenye jina la kiwanda, namba na mwaka, huyeyushwa kwa fedha kidogo, na hakuna fundi awezaye kukirudisha. Mbaya zaidi ni yule aondoaye msumari au kifungo cha reli yenyewe. Huyo haibi historia tu, anaweza kuwaua watu waliolala katika behewa la usiku, na huenda nduguye ni mmoja wao. Wazee na wakuu wa vijiji yawapasa kulisema jambo hili barazani bila kuogopana.

Pili, kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati reli ilipopita Mlowo mwaka 1973 amekwisha kupita miaka 70 sasa. Yeye ndiye shahidi wa tano, na ndiye asiyeweza kuwekwa kabatini. Aliyebeba kokoto, aliyepika katika kambi, aliyejifunza maneno ya Kichina kwa fundi wake, ajua mambo ambayo hayakuandikwa katika kitabu cho chote. Twawaomba walimu wampe kila mwanafunzi daftari moja, aende kwa mzee mmoja, aandike jina la kazi, mahali na mwaka, kisha amsomee mzee alichokiandika ili akisahihishe. Daftari hizo ziwekwe shuleni.

Sisi watu wa Mbozi tumekwisha kuonyesha ya kuwa twajua kutunza chuma. Kimondo chetu, kizito kadiri ya tani 16, kilichoanguka kutoka angani, kingali mahali pake, na wageni huja kukitazama. Chuma kile hakikuletwa na mtu. Hiki cha reli kililetwa kwa jasho la watu ambao baadhi yao tungali twawaamkia asubuhi.

Maswali kwa ajili ya shule

1. Upana wa reli ya Mlowo ni milimeta ngapi, na kwa nini kipimo hicho kilichaguliwa?

2. Kwa nini reli ya Voi iliweza kuunganishwa na ya Usambara huko Kahe, lakini mizigo huhamishwa Kidatu?

3. Umeona injini yenye namba 3020. Ni ya aina gani, na ni ya ngapi katika aina hiyo?

4. Ukisimama upande mmoja wa injini waona gurudumu dogo 1, makubwa 4, na madogo 2. Iandike kwa hesabu ya mafundi.

5. Mtu ameona kufuli yenye herufi TRC, akasema ni ya wakati wa Waingereza. Msahihishe, na umweleze sababu.

6. Taja mashahidi wanne wa stesheni, kisha umtaje wa tano, na uandike jina la mzee mmoja wa mtaa wenu utakayemwendea.